Kilo Tatu za Dakika

Pale ukuta wa ghala unapopinda kufuata barabara kuna benchi refu la mbao, mguu wake mmoja ni tofali. Asubuhi kivuli cha ghala hulifunika mpaka karibu saa sita, ndiyo maana watu wamelifanya lao. Kushoto hukaa Gundi, fundi viatu, na sanduku lake la misumari na nyuzi. Mikono inashona, mdomo unachangia. Kulia kuna kibanda cha kioo cha fundi saa, ambaye mteja akimuuliza kazi itakwisha lini humjibu "dakika moja tu", hata kama ni wiki mbili. Basi jina la Dakika likamganda, lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti. Ng'ambo ya barabara yuko kinyozi wanayemwita Spika, kwa kuwa hajui kusema kwa sauti ya chini; akikosa kichwa cha kunyoa huvuka kuja kupiga soga. Profesa hajawahi kukanyaga chuo kikuu. Alifundisha jiografia shule ya msingi, akastaafu, na sasa huja na gazeti la jana akilisoma kama la kesho. Na anayewaunganisha wote hao ni Shangazi, na birika lake la kahawa na bakuli la karanga za chumvi. Si shangazi wa yeyote pale, na ni shangazi wa kila mtu.

Wa kwanza kujua kwamba Dakika anaumwa hakuwa daktari, wala binti yake anayeishi naye. Alikuwa Gundi, na alijulia miguuni. Dakika alimletea viatu vyake vyeusi akasema vinambana. Gundi akavitia kalibu za mbao, akavitanua, akavirudisha. Wiki ya pili vikabana tena. Wiki ya tatu Gundi akamvua kiatu mwenyewe, akambonyeza kifundo kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

— Hii si kazi yangu, Dakika. Hii ni ya hospitali.

— Joto tu hilo.

— Joto gani la kuacha shimo? Kesho unakwenda, la sivyo nakubeba mgongoni mbele ya wateja wako.

Akaenda na binti yake. Waliporudi, Dakika aliketi benchini akaeleza kwa ufupi, kama mtu anayeeleza saa ya mtu mwingine. Moyo umechoka. Haujasimama, unapiga, ila hausukumi damu sawasawa, kwa hiyo maji yanajikusanya miguuni, tumboni, mpaka kwenye mapafu. Amepewa vidonge vya kumkojoza. Chumvi amekatazwa. Maji ya kunywa kwa kipimo. Na kila asubuhi ajipime uzito.

— Ujipime ili iweje? Spika akauliza.

— Sikushika yote. Binti ameandika kwenye karatasi.

Karatasi ilikuwa nyumbani, na binti alikuwa kazini kiwanda cha nguo kuanzia asubuhi na mapema. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mizani, mtunza ghala alimruhusu Dakika apande ile ya kupimia magunia. Basi kila siku, kabla ya kufungua kibanda, Dakika alipanda pale juu, akasimama wima kama mwanajeshi, na Spika akatangaza namba barabara nzima ikasikia.

Shida ikaanza kwenye chakula. Binti alikuwa akiamka gizani kumpikia: samaki, au maharage, au mayai mawili na viazi, vyote bila chumvi, kwenye bakuli la bati lenye kifuniko. Dakika alilifungua bakuli hilo saa nne, akalitazama, akalifunga.

— Kula, bwana, Gundi alimwambia.

— Natafuna karatasi, Gundi. Karatasi iliyochemshwa. Na hata nikijilazimisha, vijiko vitatu tu tumbo limejaa, utadhani nimemaliza sufuria la harusi.

Gundi akamtazama. Tumbo lilikuwa limetokeza, miguu imejaa, lakini mikono! Saa yake mwenyewe, aliyoivaa tangu ujana, sasa ilikuwa ikiteleza mpaka karibu na kiwiko. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Huyu mtu ananenepa chini anakonda juu, Gundi aliwaza, na hakujua aamini upande gani.

Ndipo benchi likakaa kikao.

— Mimi nawaambieni, alianza Spika, hao madaktari wamechanganya faili. Moyo ni nini? Ni pampu. Pampu inataka nini? Grisi. Na grisi ya mwili wa binadamu ni chumvi! Mbona damu ina ladha ya chumvi? Hamjawahi kuonja damu?

— Sisi hatujaonja, Shangazi akasema. Wewe unayekata watu masikio ndiye unajua.

— Nilimkata mmoja tu, na alitikisika!

Profesa akakunja gazeti.

— Spika, kaa chini. Mwili si pampu, mwili ni jiko. Chakula ni mkaa. Unapokula, mwili unauchoma ule mkaa ndiyo unapata nguvu ya kutembea, ya kufikiri, hata ya kukaa. Sasa jiko la Dakika linawaka sana lakini halipiki kitu. Mkaa unateketea bure.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo ongeza mkaa! Nyama, mafuta, supu, kila saa, usiku na mchana.

— Mwenyewe anasema tumbo limejaa.

— Limejaa upepo. Jiografia ya darasa la sita hiyo: penye mgandamizo mdogo, upepo huingia.

— Wote mmepotea njia, Shangazi akakata kauli huku akimimina. Mtu ana tumbo kama lile, ninyi mnasema amekonda? Amenenepa huyo. Afunge siku tatu, maji ya moto tu. Jirani yangu alivimba vivyo hivyo, akafunga, akapungua.

— Yuko wapi sasa huyo jirani yako?

— Alihama.

— Alihamia wapi?

— Nimesema alihama, Profesa. Kunywa kahawa yako.

— Hapana, hapana, Spika akadakia, mimi kuna mteja wangu aliniambia siri. Moyo unalala! Mtu akizidi kulala upande mmoja, moyo unapitiwa na usingizi, unasahau zamu. Dawa ni kuushtua. Pilipili nzima ndani ya kahawa, kavu, bila sukari.

— Na mimi nawaambia ni mwezi, Profesa akasema, naye sasa amesimama. Bahari inajaa kwa sababu ya nini? Mwezi. Na mtu ni nini? Zaidi ya nusu yake ni maji. Dakika hana ugonjwa, Dakika ana bamvua! Subirini mwezi upungue muone kama miguu haitarudi.

Dakika akacheka. Alicheka kwa roho moja, mabega yakatikisika, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Akainama, mkono mmoja kifuani, wa pili ukitafuta kitu cha kushika. Uliupata mkono wa Gundi. Ilipita kitambo mpaka pumzi ilipomrudia, na hata iliporudi ilikuwa fupi fupi, kama ya mtu aliyetoka kupanda ngazi.

— Endeleeni, akasema. Nilikuwa nasikiliza.

Profesa akaketi, akalifungua gazeti lake.

Siku mbili baadaye, Spika akiwa na mteja na Profesa hajafika, Dakika alimsogelea Gundi.

— Ndugu yangu, nikuombe kitu.

— Sema.

— Nitafutie chumvi. Kidogo tu. Yai moja lenye chumvi. Mimi sifi kwa moyo, Gundi, nakufa kwa njaa, na chakula kiko mbele yangu.

— Umekatazwa.

— Nimekatazwa na watu wasiokula ninachokula. Tumekaa wote hapa miaka mingapi? Nimewahi kukuomba nini?

Gundi akatafuta kichwani. Akakumbuka kwamba mama yake alipofariki, Dakika ndiye aliyekaa naye siku zote za msiba bila kusema neno. Hakuwahi kuombwa kitu na mtu huyu. Na alikuwa amechoka kuitazama ile saa ikiteleza mkononi. Kesho yake alikuja na mayai mawili ya kuchemsha, na chumvi kwenye kipande cha gazeti alichokisokota na kukificha kwenye kopo la misumari.

Dakika alikula yote mawili. Alikula akiwa amefumba macho, akilamba vidole. Kisha akasukuma lile bakuli la bati kwa Gundi.

— Hili limalize wewe. Nikilirudisha limejaa, mtoto atalia.

Gundi akalimaliza. Ikawa ndiyo desturi yao: Dakika yai na chumvi, Gundi samaki wa binti. Bakuli likarudi nyumbani tupu kila siku, na binti, kama Dakika alivyomsimulia Gundi, alikuwa akilitazama na kushukuru.

Ambacho Gundi hakukijua ni kwamba hakuwa peke yake. Spika naye alikuwa akimletea supu ya mifupa kwenye chupa ya chai, imekolea, kwa ajili ya kulainisha pampu. Shangazi, ambaye alitaka mtu afunge, hakuweza kumwona anapita bila kumtilia karanga kiganjani. Profesa alimletea soseji za kopo, aongeze mkaa. Kila mmoja alifanya kwa siri, na kila mmoja aliamini kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimwokoa.

Na mizani ikaanza kupanda.

— Sitini na nne! Spika akapaza.

Siku ya pili yake sitini na tano. Mwisho wa wiki, sitini na saba.

— Kilo tatu! Jamani, kilo tatu! Spika alilizunguka benchi akicheza, na mteja wake kamwacha ng'ambo kwenye kiti, nusu ya kichwa haijanyolewa. Dakika anarudi! Si niliwaambia?

Profesa akampa mkono Dakika kama siku ya kugawa zawadi shuleni. Shangazi akammiminia kikombe cha bure. Dakika mwenyewe alitabasamu, akashuka kwenye mizani taratibu, akishika ukuta. Siku hiyo Gundi alifunga kazi akipiga mluzi, jambo ambalo mkewe hakuwa amelisikia muda mrefu.

Kama angekuwa anatazama kwa jicho lake la fundi angeona mengine. Angeona kwamba Dakika sasa anavaa kandambili, na hata hizo zinamkata. Angeona kwamba kutoka kibandani mpaka benchini, hatua tisa, Dakika anasimama katikati kujifanya anamsalimia mtu. Aliona, kusema kweli. Ila namba ilikuwa imepanda, na yeye aliamua kuiamini namba.

Jumatatu kibanda hakikufunguliwa. Mtunza ghala ndiye aliyeleta habari: Dakika alishindwa kupumua alfajiri, binti amempeleka hospitali, amelazwa.

Gundi alifika wodini saa ya kutazama wagonjwa. Alimkuta Dakika ameketishwa, mito mitatu mgongoni, kifaa cha hewa puani, midomo imebadilika rangi. Nesi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akimpima mkono kwa utepe kama wa fundi cherehani. Akaandika namba, akatikisa kichwa.

— Wewe ni ndugu yake? alimuuliza Gundi.

— Zaidi ya ndugu.

— Basi tazama hapa. Aliuinua ule mkono, ngozi ikaning'inia. Nyama imekwisha. Unaona?

— Lakini aliongeza, sista. Aliongeza kilo tatu. Tulimpima wenyewe.

Nesi akamvuta pembeni kidogo.

— Kilo tatu za maji, baba. Ndiyo maana tunawaambia wajipime: ukiona uzito umeruka kilo mbili kwa siku chache, ukimbie kuja hapa. Si kusherehekea. Mtu wa moyo anaweza kuvimba huku anakonda. Maji yanaficha.

— Yanaficha nini?

— Kwamba mwili unajila. Moyo ukichoka, mwili wote unafanya kazi kama wa mtu anayekimbia, hata akiwa amekaa. Unachoma sana. Na chakula kinachoingia ni kidogo, kwa sababu tumbo nalo limevimba ndani, halina nafasi, halina hamu. Basi mwili unachukua nyama ya mikono, ya mapaja, na moyo wenyewe ni nyama. Ndiyo maana tulisema ale kidogo kidogo mara sita kwa siku: yai, samaki, maharage. Tiba yake nusu ni vidonge, nusu ni sahani.

Samaki. Gundi aliyakumbuka mabakuli yote, samaki mmoja mmoja.

— Sasa kinachotusumbua ni hicho, nesi aliendelea. Binti yake anaapa hatii chumvi. Bakuli linarudi tupu. Na mwenyewe tumemuuliza, anasema hajagusa kitu kingine. Kama ni kweli, basi dawa zimeshindwa. Na zikishindwa hizi, daktari hana nyingi zenye nguvu zaidi za kumpa. Ameanza kumwandaa binti kwa lolote.

Gundi akageuka kitandani. Dakika alikuwa anamtazama. Hakuweza kusema mbele ya nesi, lakini alitikisa kichwa mara moja, polepole, kushoto na kulia. Usiseme. Alikuwa amewadanganya madaktari ili kumfichia Gundi, na alikuwa tayari kuendelea.

Gundi akasema kwaheri. Akatoka nje akasimama kwenye lango la hospitali, watu wakimpita huku na huku, na hakusema.

Kesho yake asubuhi waliketi benchini bila kelele. Spika alinong'ona, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ndipo binti wa Dakika akaja. Hawakuwa wakimwona pale mara kwa mara. Siku zote alikuwa kiwandani. Alikuwa amevaa sare ya kazi, macho mekundu, na mkononi ameshika ile karatasi ya daktari, imekunjwa mara nyingi hadi imeanza kuchanika.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Mgonjwa?

— Yuko hivyo hivyo. Nina swali moja tu, baba zangu, na wewe Shangazi. Baba alikuwa anakula nini hapa?

Gundi akainamia kiatu alichokuwa akishona.

Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila mmoja alidhani ni lake peke yake, mpaka walipoanza kutazamana. Spika akaitazama ile chupa ya chai karibu na miguu yake. Profesa akakohoa. Shangazi, taratibu, akalifunika bakuli la karanga kwa kitambaa. Hapo ndipo Gundi alipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Si yai moja. Si yeye tu.

Binti alisubiri. Alipoona kimya, akaitikia kwa kichwa, akasema ahsanteni, akageuka.

Gundi aliangusha kiatu cha mtu alichokishika akamfuata. Alimpata karibu na lango la ghala.

— Mwanangu, simama. Mimi nilimpa chumvi. Kila siku. Mayai na chumvi. Aliniomba, lakini niliyempa ni mimi.

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

— Na chakula changu, baba mdogo? Bakuli lilikuwa linarudi tupu. Nani alikuwa anakula?

— Mimi.

Msichana akaegemea lango.

— Nilikuwa natia ndimu, akasema. Nilikuwa natia vitunguu saumu, tangawizi, nyanya, kila kitu, nikionja, nikibadilisha, ili asisikie kwamba chumvi haipo. Lilipoanza kurudi tupu nilifurahi, baba mdogo. Nikamwambia kila mtu kazini. Nilisema sasa nimejua kupika.

— Kilikuwa kitamu, Gundi alisema. Machozi yalikuwa yameshamtoka na hakuyafuta. Wallahi, kilikuwa kitamu.

Walikwenda hospitali pamoja, siku ile ile, Gundi akiwa na aproni ya kazi. Alimweleza daktari yote: mayai, na nyuma yake supu, karanga, soseji, kwa kuwa Spika na wenzake walikuwa wamewakimbilia njiani na kukiri kila kitu. Daktari aliandika bila kuinua kichwa. Mwisho akasema:

— Afadhali mmesema. Hii inabadilisha mambo. Bado hatujashindwa.

Dakika ndiye aliyekasirika. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini hasira ilikuwa nzito.

— Nilikwambia usiseme.

— Najua.

— Ningekufa na siri yako.

— Ndiyo maana nimesema.

Dakika akageukia ukutani, na kwa siku nne hakumsemesha. Gundi alikuja siku zote nne, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaondoka. Siku ya tano Dakika alisema, akiwa bado anatazama ukuta:

— Leo wameleta uji. Una maziwa ya unga na karanga za kusaga. Onja uniambie kama ni mimi tu.

Gundi akaonja.

— Si wewe tu. Ni mbaya.

Wakacheka, kidogo, kwa tahadhari.

Alirudi benchini baada ya wiki tatu, miguu imepungua hadi mifupa inaonekana, na wote wakaona kile ambacho maji yalikuwa yameficha: mtu aliyebaki ngozi. Tangu hapo mambo yakabadilika. Shangazi akaanza kukaanga karanga zisizo na chumvi, wateja wakalalamika, akawaambia waende kwingine. Profesa alinakili ile karatasi ya daktari kwa mwandiko wa ubaoni akaibandika kwenye kioo cha kibanda. Spika aliendelea kusoma mizani, lakini sasa namba ikipanda alinyamaza na kwenda kumpigia simu binti. Na saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, Gundi aliacha kazi, akalifungua bakuli, akamkabidhi Dakika kijiko, naye akachukua chake. Walikula pamoja, kijiko kwa kijiko, Gundi akijifanya kula haraka ili mwenzake naye aharakishe. Baadhi ya siku Dakika alifika vijiko kumi. Siku moja alimaliza samaki mzima akaomba mwingine, na binti alipoambiwa kwa simu alikaa kimya muda mrefu hadi wakadhani imekatika.

Mikono yake ilijaa kidogo. Alitengeneza saa sita za wateja, zote kwa wakati alioahidi.

Alipata miezi minne na siku kadhaa. Asubuhi moja, akivaa aje kazini, moyo wake ulisimama akiwa anafunga kifungo cha tatu cha shati. Binti alikuwa jikoni, na hakusikia chochote ila kijiko chake mwenyewe kikigonga sufuria.

Walimzika kesho yake alasiri. Gundi aliingia kaburini kumpokea, na Spika hakusema neno tangu nyumbani mpaka makaburini.

Wiki iliyofuata benchi lilikuwa limekaa kama kawaida, ila kulia kwake vioo vimefunikwa kwa turubai. Profesa alianza kusema kitu kuhusu misimu na mapigo ya moyo, akaishia katikati. Ndipo yule nesi wa miwani yenye uzi akatokea, akiwa njiani kwenda zamu. Alikuwa ameambiwa msiba akaona apite kuwapa pole. Shangazi akampisha, akammiminia. Nesi akanywa, akasema Dakika alikuwa mgonjwa mcheshi, kwamba wodi nzima ilimpenda.

Gundi alimwacha amalize. Kisha akaweka chini sindano yake.

— Sista, nikuulize. Zile wiki mbili za chumvi. Kama nisingempa, kama angekula chakula cha mtoto wake tangu mwanzo, angekuwa hapa leo?

Nesi akakishika kikombe kwa mikono miwili. Gundi aliona kwamba anatafuta namna ya kumwonea huruma, na kwamba ni mtu mkweli mno kuipata.

— Moyo wake ulikuwa umechoka sana hata kabla, baba.

— Najua. Siulizi hilo.

— Sijui, akasema nesi. Kweli sijui.

Gundi akawatazama wengine, mmoja baada ya mmoja. Pale benchini hapakuwahi kukosekana mwenye jibu, la kitu chochote, tangu alipoanza kukaa hapo. Spika alikuwa anatazama barabara. Profesa alikuwa ameshika gazeti kichwa chini miguu juu.

— Kahawa imeisha, Shangazi alisema, akainuka na birika lake, na wote wakasikia kahawa ikichapa ndani, bado nyingi, alipolihamishia mkono wa pili.